Ua wa Mutuba, Mulago

Wandegeya

Wandegeya haina asubuhi wala usiku, ina zamu tu. Nilipofika, wauza roleksi wa alfajiri walikuwa wanapokea majiko kutoka kwa wenzao waliokesha. Roleksi, kwa ambaye hajafika Kampala, ni chapati iliyokunjiwa ndani yake mayai ya kukaanga, kabichi na nyanya. Nilikula yangu nimesimama, mafuta yakichuruzika kiganjani, huku juu ya nguzo za taa wamejipanga wale korongo wakubwa wenye upara, ambao Waganda huwaita kalooli, kama wazee wa baraza wanaosubiri kesi ianze.

Ukisimama njia panda hapo unaona vilima viwili. Magharibi ni Makerere, kilima cha chuo kikuu. Mashariki ni Mulago, kilima cha hospitali. Bondeni katikati yake ni Katanga, mtaa wa mabati yaliyobanana hata udongo hauonekani. Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua Mulago kwa ugonjwa: ndugu amehamishiwa Mulago, jirani amefia Mulago. Mimi nilikuwa nimefuata watoto wazima.

Nilifundisha chekechea Tanga kabla ya kuhamia kazi ya kuandika, na kwa muda mrefu nimesikia sifa za shule za nje: watoto wa miaka mitatu, minne, wanashinda chini ya miti, wanajifunza kwa matope, mbegu na wadudu. Wajerumani walifungua shule ya msituni huko Charlottenburg, pembeni mwa Berlin, mwaka 1904, kwa ajili ya watoto dhaifu wa mjini. Margaret na Rachel McMillan wakaanzisha chekechea ya bustanini Deptford, London, mwaka 1914, katikati ya makazi ya maskini. Miaka ya 1950 Wadenmark wakawaingiza watoto msituni hasa. Siku hizi mtindo huo unatufikia kwa ada ya dola, na wazazi wenye magari makubwa wanaambiwa kwamba ni ugunduzi mpya. Nina ubishi na hilo. Ndiyo maana nilipanda kilima cha Mulago.

Kilimani

Barabara ya kupanda imejaa kila kitu anachohitaji mwenye mgonjwa: mabeseni, mikeka, chupa za chai, ndizi mbivu, vitenge, Biblia na tasbihi. Hospitali ilianza mwaka 1913 kwa juhudi za Albert Cook, daktari mmisionari ambaye tayari alikuwa na hospitali yake Mengo. Majengo makubwa yanayoonekana kutoka mbali yalifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Mkusanyiko huo wa zege hauonyeshi upesi kwamba kilima hiki kilikuwa pia mahali ambapo dunia ilikuja kumsoma mtoto mdogo.

Katika miaka ya 1930 walikuwapo hapa mke na mume, Margaret na Hugh Trowell. Mume alikuwa daktari. Mke alikuwa msanii, na mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji barazani kwake. Aliwasimulia wanafunzi kisa, kisha akawaachia wakichore kama walivyokiona kichwani, wakitumia vifaa vya hapahapa. Kutoka baraza hilo ilizaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo mpaka leo ina jina lake. Somo la baraza, bila dawati! Nilipowasimulia walimu wa Tanga baadaye, mmoja aliuliza kama mkaguzi hakuja kulifunga.

Miaka ya 1950 akaja Marcelle Geber, mtafiti wa Kifaransa. Akishirikiana na Rex Dean aliwapima watoto wachanga wa Kampala, akaandika kwamba walitangulia wenzao wa Ulaya katika kukaza shingo, kukaa na kutembea. Watafiti waliofuata walivitilia shaka vipimo vyake, na nadhani walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini jambo moja aliloliona halihitaji kipimo: mtoto aliyebebwa mgongoni shambani na sokoni alichangamka kuliko mwenzake wa mjini aliyelazwa kitandani siku nzima.

Wakati huohuo, mwaka 1954 na 1955, Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuja na mume wake aliyepata kazi Makerere, alizungukia familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikaa sebuleni kwa kina mama akatazama tu. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, anafika mlangoni, anageuka kuhakikisha mama bado yupo, kisha anaendelea na safari yake. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na nadharia ya mama kuwa kituo salama cha mtoto mpelelezi inafundishwa leo katika vyuo vya ualimu kila pembe ya dunia. Ilipata ushahidi wake wa mwanzo nyumbani kwa Waganda, na walimu wetu wanaisoma kama habari ya ng'ambo.

Nilitaka zaidi kuiona Mwanamugimu. Hicho ni kitengo cha lishe cha hospitali, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1960, na jina lake limetoka kwenye methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye afya hutokana na mbeleko. Hugh Trowell alikuwa amehangaika miaka mingi na kwashakoo: watoto walioachishwa ziwa wakalishwa matoke matupu, nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba. Wodini walipona. Nyumbani waliugua tena. Madaktari waliokuja baada yake wakaona kwamba dawa ya wodini haitoshi, wakamrudisha mama bustanini na jikoni. Mama alikaa hapo na mwanawe, akapanda, akachuma na akapika mwenyewe, ili akirudi kijijini asihitaji cha kununua.

Chakula chenyewe huitwa kitobero. Unachukua ndizi au viazi vitamu, unaongeza maharage au karanga zilizotwangwa, dagaa wa ziwani waitwao mukene, na mboga za majani. Vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba na kuwekwa juu ya matoke ya familia yaliyo jikoni. Mvuke uleule unaivisha chakula cha baba na cha mtoto. Hakuna sufuria ya pili wala kuni za ziada. Nilionjeshwa kijiko kimoja na mama aliyekuwa anampoza mwanawe. Kina ladha ya karanga na moshi, na kingehitaji chumvi, ila sikusema.

Ua wa Nnaalongo

Kesho yake asubuhi nilishuka upande wa kaskazini wa kilima, panapotazamana na Kalerwe. Huko kuna nasari niliyoelekezwa. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenye nasari aliniomba hivyo. Hana hamu ya wageni wenye kamera. Kila mtu humwita Nnaalongo, jina la heshima la mama wa mapacha. Alikulia kambini, baba yake akiwa askari, na ndiko alikookota Kiswahili.

"Karibu nnyabo," alinipokea, yaani bibi. "Kiswahili chetu ni cha kambi, utatusamehe. Hakina maua kama chenu."

Kilikuwa na maua ya kutosha. Wasichana walipiga magoti kunisalimu, kama adabu ya Kiganda inavyotaka, na mmoja akasahau kuinuka kwa sababu alimwona jongoo.

Shule ni chumba kimoja cha mabati na ua. Chumba ni cha kuhifadhi mikeka na kukimbilia mvua kali. Ua ndio darasa, na katikati yake umesimama mutuba, mti ambao gome lake hutengenezwa lubugo, nguo ya magome iliyotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2005. Msimu wa mvua fundi huchuna gome, hulifunga shina lililobaki uchi kwa majani ya mgomba, kisha hulitandika gome kwa nyundo za mbao zenye mifereji mpaka linyumbuke. Mti hujiotesha gome jingine. Watoto wa Nnaalongo walikuwa wamemwona fundi akifanya kazi hiyo, na tangu siku hiyo anayeanguka akachubuka goti hudai afungwe jani la mgomba. Hufungwa. Baada ya kuoshwa kwa sabuni, alinihakikishia Nnaalongo, akinitazama kwa jicho la mtu aliyewahi kuulizwa na bwana afya.

Somo la asubuhi hiyo lilikuwa la maji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Watoto walirundika udongo mbichi wakafanya kilima, wakakipa jina la Mulago, wakachomeka vijiti kuwa hospitali. Msichana wa miaka minne au mitano, aliyevaa sweta ya kaka yake mikono ikimfunika vidole, alikabidhiwa kikombe cha maji. Akamwaga juu kileleni polepole, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Maji yakagawanyika. Mengine yakashuka upande huu, mengine upande ule. Akaacha kumwaga, akachuchumaa, akaweka kidole mahali palepale maji yalipoachana. Akamwaga tena. Yakaachana tena. Alirudia mpaka kikombe kikaisha, akaenda mwenyewe kuchota kingine, na hakuna mtu aliyemwambia zamu yake imekwisha.

Alichokigusa kwa kidole ni jiografia ya kweli ya mahali pale. Mvua inayoangukia upande wa kaskazini wa Mulago huingia mfereji wa Nsooba, ikaelekea kinamasi cha Lubigi, kisha mto Mayanja na Kafu, hadi Nile. Inayoangukia upande wa pili hushuka bonde la Kitante, ikajiunga na Nakivubo na kumwagikia Ziwa Victoria, ambalo nalo hutoka Jinja likiwa Nile. Matone mawili ya paa moja huachana kilimani na hukutana tena Uganda ya kaskazini baada ya safari ndefu. Nimeishi miaka mingi na ramani ukutani na sikuwahi kulifikiria.

Sitaki msomaji adhani ni peponi. Nsooba ni mfereji mchafu, umejaa chupa za plastiki na mengine nisiyoyataja wakati wa kula. Mvua kubwa huufurisha, na nyumba za bondeni huingia maji. Nnaalongo hawapeleki watoto huko kamwe. Mbu wapo. Na ua wenyewe si wake. Mwenye kiwanja, kilicho cha mailo, ule umiliki uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, ameshapima mara mbili kwa kamba, maana vyumba vya kupanga vinalipa kuliko watoto wanaomwaga maji. Kampala inaishiwa nyua. Hilo linanitia wasiwasi kuliko mitaala yote, kwa kuwa mwalimu mzuri unaweza kumfunza kwa mwaka mmoja, lakini ua uliokwisha jengwa haurudi.

Chini ya mutuba watoto wakubwa kidogo walikuwa wamechimba mashimo ya mweso. Mweso kamili ni ndugu wa bao letu, mashimo 32 na kete 64, lakini wao walichimba safu mbili za mashimo sita, punje mbili za mahindi kila shimo. Katikati ya mchezo kuku akadonoa punje. Ukazuka mgogoro. Wakahesabu: 23. Wakahesabu tena kuanzia upande mwingine, kana kwamba labda punje imejificha: 23. Mmoja alipendekeza waokote kijiwe. Mwingine alikataa katakata kwa hoja kwamba kijiwe hakiliwi, basi si haki. Nnaalongo alikuwa anamenya ndizi hatua tatu kutoka hapo na hakutia neno. Mwishowe waliafikiana kwamba kuku ameshinda, wakaanza upya.

"Wewe usingewasaidia?" nilimuuliza.

"Ningewasaidia nini? Mimi mwenyewe nimehesabu 24 nikakosea."

Alinieleza kwamba alifundisha miaka mingi ndani ya chumba, madarasa ya bebi, mido na topu kama waitavyo Uganda, watoto wakikariri ubaoni. Kisha shule za Uganda zikafungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyozifunga kwa muda mrefu kuliko hiyo. Nasari aliyofanya kazi ikageuzwa ghala. Watoto wa majirani wakawa wanakuja uani kwake kwa sababu mama zao wapo sokoni. "Hapakuwa na ubao. Palikuwa na huu mti. Nikaona wanauliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa ndani."

Vifaa vyake vingi vilinikumbusha nyumbani. Makopo ya mbegu, manyoya, maganda ya konokono, mikeka midogo ya majani. Nilimwambia nimewahi kuona rafu kama hizo katika madrasa za pwani, akacheka. Alijifunza kwa mwalimu aliyepitia mpango huohuo wa chekechea za madrasa, ule ulioanza Mombasa miaka ya 1980 kwa kazi ya Bi Swafiya Said, ukafika Zanzibar 1990 na Kampala 1993. Kumbe makombe yetu ya baharini yalipanda kilima na kugeuka maganda ya konokono.

Kalerwe

Mchana tulikula sokoni Kalerwe, mahali ambapo matoke yanashushwa kutoka magari yakiwa bado na utomvu. Tuliagiza katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na nakati pembeni, mboga chungu kidogo ambayo ningeipanda Tanga kama ingekubali joto letu. Muuzaji aliposikia Kiswahili changu alikaza uso. Kwa watu wa umri wake lugha hii bado ina sauti ya vizuizi vya barabarani na wanajeshi wa zamani. Nnaalongo akamweleza kwa Kiganda kwamba mimi ni mwalimu. Akaniongezea ndizi.

Kitante

Siku iliyofuata watoto walipelekwa Jumba la Makumbusho la Uganda, kwa miguu, wameshikana kamba moja ndefu. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908 kwenye kilima cha Kampala ya Zamani. Waganda walilipa jina la nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi, na wengi waliliogopa. Jengo la sasa la hapa Kitante, barabara ya Kira, lilifunguliwa mwaka 1954, kazi ya Ernst May, Mjerumani.

Ndani, watoto walichoka haraka mbele ya vioo. Ni haki yao. Chumba cha ala za muziki ndicho kilichowaamsha. Klaus Wachsmann, aliyeliongoza jumba kuanzia 1948 hadi 1957, alizikusanya ala akitaka zipigwe, si zitazamwe, na roho hiyo bado haijatoka ukumbini. Lakini furaha yenyewe ilikuwa uani nyuma, penye nyumba za nyasi za makabila mbalimbali. Watoto waliingia kwa kuinama, wakatoka, wakaingia tena, wakagundua kwamba ndani ya nyumba ya nyasi kuna baridi na ndani ya darasa la mabati kuna joto. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini watu waliacha kujenga za nyasi. Mwenye kututembeza alianza kujibu kwa maneno makubwa, akaishia kusema, "Kwa sababu ya moto, na fasheni."

Tulipumzika kwenye majani. Nnaalongo akaanza vitendawili. Wao hutega kwa "Koyi koyi!" na watoto wote hupokea "Lya!" kwa nguvu iliyowarusha kwarara kutoka kwenye nyasi. Akanikaribisha. Nikatega cha kwetu cha nyumba isiyo na mlango, akakitafsiri, na kabla hajamaliza walikwisha piga kelele: "Eggi!" Yai. Nikabaki na aibu ya mwalimu aliyeleta swali rahisi mno kutoka mbali mno.

Ijumaa jioni

Wazazi huwachukua watoto saa kumi na moja. Baba mmoja, fundi wa pikipiki ukiitazama mikono yake, hakuondoka. Alisubiri wengine wapungue, kisha akazungumza na Nnaalongo kwa heshima lakini bila tabasamu. Nilifuata kwa vipande alivyonitafsiria Nnaalongo aliponiona nimesimama.

"Mwanangu anajua konokono anapumulia wapi," alisema. "Anajua mvua ya nyumbani inakwenda Nile. Ameniambia. Lakini watoto wa jirani wanaandika majina yao, na mwakani anaingia shule ya msingi. Watampa karatasi, nnyabo. Hawatampa udongo."

Nnaalongo alimwita mtoto, akamwambia aandike jina lake chini ya mutuba. Mtoto akaandika herufi tatu za kwanza kwa kidole, nzuri na kubwa, akachora ya nne kinyume, akaacha ya tano akamfuata kuku. Baba alizitazama kwa muda. Hakuonekana kuridhika, na kusema kweli mimi pia ningekuwa na shaka kama ningekuwa baba yake. Shule ya msingi anayokwenda ina watoto wengi na haina mutuba. Wakajadiliana. Ikakubaliwa kwamba kila alasiri watoto wa topu watakaa nusu saa na daftari na penseli, mkekani, kivulini. Baba atamwacha mtoto hadi mwisho wa muhula, kisha ataona.

Akatoa simu akatuma ada. Nusu. Nyingine, alisema, mwisho wa mwezi.

Nnaalongo aliiandika kwenye daftari lake, akaniuliza kama Tanga nako wazazi hulipa nusunusu. Nikamwambia Tanga hulipa robo.